Wa Pili kwenye Orodha

Figo ilipopatikana, hospitali iliwaita watu wawili: Bwana Shekiondo, wa kwanza kwenye orodha, na Zaituni aliyemfuata. Kwa miaka minne walikuwa wakisafishwa damu kwenye vitanda vilivyopakana, wakiazimana magazeti na kutaniana.

Wakisubiri vipimo, Shekiondo alimeza vidonge viwili vya kushusha homa.

"Usimwambie mtu, dada," alinong'ona. "Wakijua wataniruka."

Zaituni aliitikia kwa kichwa. Lakini muuguzi alipokuja kumpima presha, alijikuta akisema, "Mwenzangu ana homa, anaificha."

Baada ya kumpima Shekiondo na kumwondoa, daktari alisema upasuaji ungemuua mtu mwenye maambukizi yale. Zaituni alilishikilia neno hilo, ingawa alijua hakusema kwa kumhurumia Shekiondo.

Walipokuwa wakimsukuma Zaituni kwenda kupasuliwa, Shekiondo alikuwa ukumbini, amekwisha kuvaa nguo za kurudi nyumbani. Akaushika mkono wake.

"Sijui wamejuaje," alisema. "Ila nashukuru imekwenda kwako."

Zaituni alijaribu kuuvuta mkono. Shekiondo hakumwachia, alitembea naye pembeni ya kitanda, akikohoa, hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.