Dirisha la Chizuru

Siku hizo madirisha ya treni za milimani Japani hayakuonyesha tena nje. Kila abiria alijichagulia majira, na kioo kikamwonyesha picha ya njia hiyo katika majira hayo. Walio nje tu ndio waliowaona abiria kama walivyo. Chizuru alichagua majira ya majani mekundu, akayafurahia njia nzima.

Jioni mama yake, aliyeishi kando ya reli, alimpigia simu.

"Nilisimama kwenye theluji nikakupungia mkono. Ukatabasamu, mwanangu."

Chizuru aliona aibu kusema ukweli. "Nilikuona, mama."

"Basi kesho ukirudi nitatoka tena."

Kesho yake alichagua majira ya baridi. Kijiji chao kikapita kwenye kioo, theluji safi, bila mtu. Chizuru akapunga mkono, asijue mama amesimama wapi.