Kadi Saba za Mwalimu Nasriya

Kadi ya mkopo ya saba kutoka benki ilikuja na zawadi ya pasi ya umeme. Sinan aliipiga teke na boksi lake, ikabiringika mpaka mlangoni.

"Unafungua duka la vyombo?" alimfokea mkewe. "Mwezi uliopita masanduku ya safari. Kabla yake blenda. Leo pasi!"

"Na maili za ndege," Nasriya alijibu akiiokota. "Zikitimia nnakwenda Unguja bure. Kadi zenyewe hata sizitumii, Baba Hamdiya. Nnachukua zawadi tu."

Sinan alisonya. Ujinga wa mkewe ulimchosha, ila mshahara wake wa ualimu ulikuwa na kazi. Kwa miaka sita ulikatwa kulipia mkopo aliomchukulisha kwa ajili ya duka la vipuri mtaa wa Wadi Kabir, duka lililokufa kabla ya mwaka kwisha. Makato ya mwisho yalikuwa Ramadhani. Mfungo mosi tu, mwezi uliofuata, Sinan akamtaka achukue mkopo mwengine, mkubwa zaidi.

Nasriya alikataa. Akanyang'anywa funguo za gari, akazuiwa kwenda kwa mama yake wiki tatu. Mwishowe akasema sawa, lakini baada ya Idi ya kuchinja.

Idi ikapita. Jumapili asubuhi wakaketi katika benki moja ya Khuwair ya Kusini, mbele ya afisa wa mikopo, Bibi Ghaliya. Afisa alitazama kompyuta, kisha akamtazama Nasriya kwa dharau.

"Kadi saba ndani ya miezi mitatu?"

"Zote hazina deni hata baisa moja," Nasriya alijitetea.

"Haisaidii. Kila ukiomba kadi, ombi linaingia kwenye rekodi yako, mabenki yote yanaliona. Na kila kadi, hata ukiifungia kabatini, inahesabiwa kama deni unaloweza kulichukua kesho. Mwalimu mzima, hukusoma masharti?"

"Mwambie!" Sinan alipiga meza. "Mwambie, labda wewe atakusikia!"

"Mkopo haupiti," Ghaliya akasema. "Wala hawezi kumdhamini mtu."

Nasriya akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtetemeka. Sinan akamwita punguani mbele ya foleni nzima, akamwambia hata mbuzi wana akili kuliko yeye, akashika njia.

Alipofika mlangoni akagundua yuko peke yake. Akageuka, hasira zimempanda kichwani, akarudi kumvuta mkono.

Wanawake wale wawili walikuwa wameinamiana juu ya meza, wala hawakumwona akija. Mtandio ulikuwa umeshuka mabegani. Nasriya alikuwa na macho makavu, akijiziba mdomo asicheke.

"Usifunge hata kadi moja, shoga yangu," Ghaliya alimnong'oneza. "Lazima atakupeleka benki nyengine."