Muungurumo wa Pijo

"Sista, sikia ilivyotulia! Hata mtoto aliyelala hashtuki," fundi Brightson alitamba, baada ya kunizungusha mwaka mzima. Injini ya zamani ilimshinda, akanifungia mpya.

Niliiendesha Pijo ya marehemu baba hadi nyumbani Chanika, nikasimama getini.

Baba hakuwahi kupiga honi. Mama alikuwa akiusikia muungurumo tangu kona ya kanisa, anawahi kufungua geti. Aliniomba hicho tu: ausikie tena.

Nilisubiri. Kwenye upenyo wa geti nilimwona akianua nguo, hageuki. Nikakanyaga mafuta kwa hasira. Injini ikanong'ona tu.

Nikapiga honi.

Mama akazikumbatia nguo kifuani.

"Nani? Mwenyewe hayupo!"