Nyumba Inang'aa

Migdalia, mhudumu wa afya anayekagua nyumba za watoto wenye pumu mtaani Bronx, hakumaliza kupiga hodi. Harufu ya klorini ilimpiga pale pale mlangoni, kali hadi machozi yakamtoka.

"Karibu, mwanangu! Angalia usiteleze," alisema bibi mwenye nyumba, viganja vyake vikiwa vyekundu kwa kusugua. "Niliposikia nyie wa pumu mnakuja kukagua, nimesugua tangu alfajiri. Hunikuti na uchafu mimi, ukanitangaze Bronx nzima!"

Kwenye kochi, mjukuu wake wa miaka mitano alikuwa ameinama, mikono magotini. Kila alipovuta pumzi, kile kishimo cha chini ya koo kilibonyea ndani, kikarudi, kikabonyea tena.

Migdalia alimbeba hadi dirishani, akalifungua, akampulizia dawa yake ya pumu. "Bibi, ni klorini! Hiyo ndiyo inamkaba!"

Kitambaa cha kusugulia kilimponyoka bibi mkononi. "Lakini mgeni tunamsafishia hivi hivi. Sisi sote. Hata mama yako."

Mtoto alikohoa, akaanza kupumua vizuri. Ndipo Migdalia alipoitazama karatasi yake ya ratiba. Zilibaki nyumba kumi na moja, kila moja na mtoto wa pumu, na wenyewe wote alikuwa amewapigia simu jana kuwaambia anakuja.