Nani Alikupasua, Mama?

"Nani alikupasua, mama?"

Athanasie alishusha kitenge, akafunika mfuko wa plastiki wa kupokea choo, uliobandikwa ubavuni. Swali hilo alikuwa ameshaulizwa katika hospitali nne, tangu Walikale hadi hapa Masisi, na jibu lake halikubadilika.

"Zéphyrin."

"Zéphyrin nani?"

"Sijue, dokta. Wanaume wenye walinibeba njo waliniambia ile jina. Jina moja tu."

Daktari alikuwa mgeni, mpasuaji aliyeletwa kwa wiki mbili kuwafunga watu matumbo yaliyobaki wazi. Angeondoka Ijumaa. Aliinama akalitazama kovu tena. Lilishuka wima ubavuni kushoto, chini ya mbavu, refu kama kiganja na nusu.

"Aliyekushona ana mkono mzuri," alisema. "Lakini sisi tunapitia katikati ya tumbo. Huyu amepitia ubavuni, kama mwizi anayepitia jikoni. Sijui ndani ameondoa nini, wala ameacha nini. Niletee maandishi yake kabla ya Ijumaa. Bila hayo sikugusi."

Ilikuwa Jumatatu.

Miezi saba Athanasie alikuwa ameubeba mfuko ule. Kule Itebero mume wake alihamia kulala jikoni, akasema ni kwa ajili ya joto. Kwaya ilimwambia apumzike kwanza. Kanisani alikaa karibu na mlango, na benchi lake likabaki lake peke yake.

Siku yenyewe aliikumbuka vipande vipande. Risasi zilimkuta safarini, umati ukamsukuma mlimani, na huko tumbo likajisokota kama nguo inayokamuliwa. Kituo cha afya kilibaki mlango na kuta. Wauguzi walikimbia pamoja na wagonjwa wao. Wanaume wanne wasiomjua walimlaza kwenye kipoyi, machela ya miti, wakapanda naye. Tusidanganyane: madini ya Bisie hupata lori, mgonjwa hupata mabega ya watu. Ilikuwa hivyo enzi za bibi yake, na kila mkubwa aliyepita ameikuta hivyo akaiacha hivyo, baada ya hotuba.

Kisha kamba miguuni. Harufu kali ya dawa. Na sauti ya mwanaume aliyepiga mluzi polepole, akasema, "Tulia, mama. Tulia, usiogope."

Muuguzi mmoja alimfuata kwenye korido. Aliitwa Mamy, mzaliwa wa Muheto.

"Mama, walikushona na uzi gani?"

Athanasie alifungua fundo kwenye pembe ya kitenge. Alikuwa amekitunza kipande kimoja: uzi wa bluu, mnene kama wa kushonea gunia. Mamy aliuzungusha kwenye vidole. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayezuia kicheko, halafu ikatulia.

"Enda Muheto kesho kutwa. Usiulize ku hospitali. Uliza kwa Papa Rugamba."

"Zéphyrin iko anatumika kazi kule?"

"Siku ya tatu ya wiki, njo siku yake. Na ukimupata, mama, usimutukane."

Jumatano alifika Muheto miguu imevimba. Rugamba, mzee mrefu mwenye kofia, hakumuuliza ametoka wapi. Alimpa kiti, akampa kikombe cha maziwa. Athanasie alikunywa kwa adabu tu. Kwao msituni maziwa hutoka ndani ya kopo.

"Zéphyrin iko nyuma ya lupango," Rugamba alisema, akionyesha ua wa miti. "Tangu asubuhi wagonjwa ni wengi. Amebakia na moja, anazaa mubaya."

"Maskini. Mimba ya kwanza?"

"Ya tatu. Na zote zinakuyaka matako mbele."

Ng'ambo ya ua mtu akapiga mluzi, polepole.

"Tulia, mama. Tulia, usiogope."

Athanasie aliweka kikombe chini kabla hakijamponyoka.

Mpiga mluzi alipotokea, alikuwa mtu mfupi mwenye upara, mkono wake mmoja umelowa hadi begani, sabuni mkononi. Alimwona mgeni, akasimama.

"Itebero," alisema. "Uko muzima."

"Niko nusu. Uliniacha wazi."

"Najua."

"Miezi saba mi nakutafuta mu hospitali zote. Hakuna mwenye anakujua. Dokta anataka maandishi yako, na Ijumaa anaenda. Kwa nini ulijificha?"

"Wangenifunga mu kasho, mama." Alisugua mkono wake, ingawa ulikuwa umeshatakata. "Ile siku ulikuwa unakufa. Waliuliza kila mutu, ao infirmier wa kituo ao padri, wote walikuwa wamekimbia. Mimi njo nilibakia."

Alichukua mfuko wake, akatoa daftari la shule lenye jalada lililoliwa na unyevu. Alipekua hadi ukurasa wa katikati, akampa.

"Nilipima yote, nikaandika. Soma."

Athanasie alisoma kwa kidole. *Athanasie, wa Itebero. Utumbo umejisokota, sehemu imekuwa nyeusi. Nimekata sentimita arobaini. Mwisho wa chini nimeufunga, nimeuacha ndani, kushoto. Wa juu nimeutoa nje. Mungu anisaidie.*

Kila alichotaka daktari kilikuwa hapo. Alisoma mara ya pili, macho yakamjaa machozi, kidole kikateleza hadi mstari wa juu.

*Ng'ombe mwekundu wa Rugamba. Amemeza mfuko wa plastiki. Nimepasua, amepona.*

Akashuka hadi mstari wa chini.

*Dume la Hakorimana. Pembe.*

Athanasie aliinua macho, akamtazama Zéphyrin.

"Papa," alisema mwishowe, "niazime wembe."

Akakata mstari wake peke yake, taratibu, bila kugusa wa juu wala wa chini.