Marahaba Bila Kikohozi

Siku hizi kifaa cha sikioni hakipitishi neno lolote kwa mzazi mpaka shikamoo yako iitikiwe. Cha Mkude kiligoma, akampelekea fundi Tunu.

"Changu na cha mama ni vya kampuni mbili. Havielewani."

Tunu akapima. Shikamoo zilifika zote, na mama alizisikia.

"Vinaelewana, kaka. Mama ndiye haitikii."

"Basi kiweke kiitikie chenyewe, kwa sauti yake," Mkude akasema.

Tunu alishawafanyia wengi, watoto na hata wazazi. "Marahaba, mwanangu," kifaa kikasema, na Mkude akaondoka akitabasamu.

Alipofunga duka, Tunu akampigia mama yake, ambaye siku zote hukohoa kwanza ndipo aitikie.

"Shikamoo, mama."

Marahaba ikaja kabla Tunu hajamaliza kutamka, bila kikohozi.