Kobe Ndani ya Kapu la Maboga

Zamani zile wanyama walipoanza kuletewa vyakula majumbani, Mbuni alitua kapu la Kobe mlangoni kila Jumamosi, akapiga hodi, akaenda zake. Kobe alitumia nusu saa kutoka jikoni hadi mlangoni. Ngedere alitumia nukta moja kuliiba kapu.

Wiki ya nne Kobe alianza safari Jumatano, akafika sokoni Jumamosi, akajilaza kapuni kati ya maboga.

"Si uvichukue tu vyakula vyako, mzee?" Mbuni akauliza.

"Navilinda. Funika, twende."

Kapu likatuliwa mlangoni. Kobe hajatoa hata kichwa, Ngedere keshalifikisha kwake. Alipolifunua, boga kubwa likachomoza shingo.

"Hodi!"

Ngedere alikuwa mwizi, lakini alilelewa vizuri. "Karibu, mzee," akajibu kabla hajafikiri.

"Ahsante, mjukuu wangu. Nishakaribia."

Mgeni aliyekwisha kukaribishwa hafukuzwi. Kobe yupo mpaka leo, na kapu lake huletwa huko huko. Ngedere hulisubiri mlangoni, rungu mkononi.

"Wezi wamezidi mtaa huu," huwaambia wapita njia. "Wakilichukua, mgeni wangu atakula nini?"